Bibi Mifugo Anajibu: Jamaa wa chatu na kobe anataka kuja kwenye kikundi chetu, tumruhusu?

Haya wapendwa, mwezi huu mmenigeuza kabisa. Mi nimezoea kuulizwa ng'ombe kagoma kushusha maziwa, kuku wanakufa kideri, mbwa ana viroboto, sasa nafungua simu nakutana na chatu, bundi, tumbili mpaka kobe. Inaonekana kuna watu wanazunguka Arusha na Moshi na wanyama kwenye maboksi, wanaenda mashuleni na kwenye vikundi, na wengine mmeona video za Marekani mnataka na nyie mjaribu. Nimechagua meseji tano, ya kwanza ntakaa nayo sana, hizo nyingine twende mbiombio.

SWALI: Shikamoo Bibi Mifugo. Mi ni katibu wa kikoba cha kinamama hapa Sakina, tupo 32. Mwezi wa saba tunavunja kikoba, tumepanga tufanye siku ya familia, watoto waje, tupike pilau. Sasa kuna kaka katuletea ofa, anasema ana wanyama hai, chatu mmoja, kobe wawili, kinyonga, bundi na tumbili mdogo, anakuja nao na Noah, anawaonyesha kwa saa moja na watoto wanaruhusiwa kushika na kupiga nao picha, anataka laki mbili na nusu. Wenzangu wamegawanyika, wengine wanasema ni elimu, watoto wetu wanaishi Arusha hawajawahi kuona hata swala, wengine wanasema bundi asikanyage hapa ni mkosi. Mi nyoka namwogopa ndio ila naogopa zaidi mtoto wa mwenzangu akiumia ntamwambia nini mama yake. Tufanyeje? (Katibu, Sakina)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla, wengi wananiuliza baada.

Kabla hamjafika kwenye bei mwambieni huyo kaka alete karatasi. Mnyamapori wa nchi hii hata kama umemlea toka yuko kwenye yai siyo wako, ni wa serikali mpaka serikali yenyewe ikuruhusu, ndo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inavyosema, na wanaoshughulika na leseni za kufuga na za bustani za wanyama ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Sasa karatasi akija nayo isomwe, isiwe ya kupungwa hewani afu inarudi mfukoni. Angalieni jina ni lake au la mtu mwingine, angalieni wanyama waliotajwa ni hao hao aliowaahidi, maana mtu anaweza kuwa na kibali cha kobe tu afu tumbili kamchomekea njiani. Piga picha karatasi mpelekee afisa wanyamapori wa halmashauri akuthibitishie. Akikwambia "dada usijali nina mtu wangu pale ofisini" basi mazungumzo yameishia hapo, mtu siyo karatasi, na siku mambo yakiharibika jina lililoandikwa kwenye tangazo ni la kikundi chenu, la kwake halipo.

Tuseme karatasi anayo. Sasa ndo kazi inaanza, na hapa naomba mnisikilize maana hili ni kosa ambalo hata mi nimelifanya na cheti changu cha mifugo mkononi. Miaka hiyo nikiwa bado kazini tulikuwa kwenye maonyesho fulani, sitayataja, mi nipo kwenye meza yangu na madawa ya kuogeshea ng'ombe, pembeni yangu kuna jamaa ana tumbili kamfunga mnyororo kiunoni kamvisha kaptula. Kila mtu akisogea yule tumbili anafungua mdomo meno yote nje, na watu wanakufa mbavu, jamani mwone anacheka, na mi nacheka nao. Akaja mtoto wa kama miaka sita na karanga kiganjani, tumbili akaonyesha meno kama kawaida, mtoto naye akamwonyesha yake akicheka, sekunde ileile kidole gumba kikawa kimeshang'atwa mpaka mfupa. Tumbili akionyesha meno hacheki, amebanwa hana pa kukimbilia, anakwambia ukisogea tena ntakung'ata. Alisema mchana kutwa, mbele ya mimi niliyesomeshwa na serikali kusoma wanyama, sikusikia.

Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza kuhusu maonyesho ya wanyama namwambia acha kumwangalia mwenye maiki, mwangalie mnyama. Kinyonga akiwa mweusi tii huku kaachama mdomo hajapenda shati lako, ameogopa au amekasirika. Kobe akivuta kichwa ndani na kutoa ile sauti ya fyuuu, hataki. Bundi akijivimbisha mpaka anakuwa kama mpira na kugonga mdomo ta ta ta, anakutishia. Kalunguyeye akijikunja duara watu wanasema ooh katoto kamelala, hajalala huyo, amefunga mlango.

Na chatu sasa, huyu ndo anawadanganya watu kuliko wote. Nyoka joto la mwili hajitengenezei kama sisi, analichukua kwenye mazingira. Mwezi wa saba Arusha mnaujua wenyewe, asubuhi umevaa sweta mbili na kikombe cha chai umekishika kwa mikono yote. Chatu aliyelala kwenye boksi usiku kucha, akitolewa saa nne asubuhi amelegea kama kamba ya kuanikia nguo, anavishwa mtoto shingoni na watu wanasema mwone alivyo mpole, amezoea watu. Hajazoea chochote, ana baridi. Sasa ngoja saa saba jua litoke, ameshapita mikononi mwa watoto arobaini, joto limempanda, ndo unaona anaanza kukaza misuli, na saa hizo huyo kaka yupo na maiki anauliza nani bado hajapiga picha. Chatu wa kwetu siyo mdogo, ni nyoka anayemeza swala, hakai kwenye shingo ya mtoto iwe baridi iwe joto. Na akikwambia nyoka huyu hana shida nimeshamng'oa meno, kwanza ni ukatili na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimpi ruhusa ya kutesa mnyama, pili meno ya nyoka yanaota tena.

Lingine ni hilo pilau. Kobe na nyoka wana bakteria anaitwa salmonela, anakaa tumboni kwao hawaumwi, ila anabaki kwenye ganda na kwenye ngozi, mtoto akimshika kobe afu akala pilau kwa mkono huohuo tayari kahamishia tumboni kwake, ni kuhara na homa, na kwa mtoto mdogo inaweza kuwa mbaya kweli. Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza vikobe ambavyo ganda halijafika inchi 4, kama sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wanavitia mdomoni kama pipi. Kwa hiyo chini ya miaka 5 wasiguse kabisa, waangalie tu, na wajawazito vilevile. Wanyama na chakula visiwe sehemu moja hata kama uwanja ni mdogo. Wakishaonyeshwa wanyama, mtu mzima anasimama kwenye bomba na sabuni anahakikisha kila mtoto ananawa mbele yake, ndo wanaenda kwenye sahani. Ile sanitaiza ya kupaka haraka haraka ni ya kusubirishia tu, haichukui nafasi ya maji na sabuni.

Sasa bundi. Wenzako wanaosema ni mchuro mi siwezi kuwabadilisha kwa meseji moja, ila bundi kazi yake kubwa usiku ni kula panya, na mkulima wa mahindi mwenye bundi jirani amepata mlinzi asiyedai mshahara. Lakini wanaomkataa bundi naungana nao kwa sababu nyingine kabisa, yule ni ndege wa usiku ana masikio yanayosikia panya akitembea kwenye majani, unamleta saa sita mchana kwenye spika mbili na watoto mia, unamtesa bure. Asije. Na tumbili asije hata na karatasi. Tumbili mdogo anayelelewa na mtu mara nyingi mama yake aliuawa ndo akapatikana, afu akikomaa anakuwa na meno kama ya mbwa na hasira za mfungwa. Hapo mmebaki na kobe na kinyonga wa kuangalia kwa macho, sasa jiulizeni hiyo laki mbili na nusu bado inalingana?

Mi ningekuwa mjumbe wa kikoba ningepiga kura hela hiyo iende kwenye kosta. Mkapande mwende Meserani, mkishapita Kisongo, kama kilomita 25 tu toka mjini, pale nyoka wapo nyuma ya kioo, swila, koboko, kifutu, mtoto anasogeza pua mpaka kwenye kioo na hamna anayeumia, na wana zahanati inayotibu watu walioumwa na nyoka, ulizeni mwelezwe huduma ya kwanza maana hilo ndo somo lenyewe, mtu akiumwa hachanjwi, hanyonywi sumu, hafungwi kamba ya kukaza, anatulizwa asitembee na anawahishwa hospitali. Au mwende Hifadhi ya Arusha, unakata pale Usa River mpaka geti la Ngurdoto, imekuwepo toka 1960, kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi siyo cha dola za wageni, piga simu uulize bei ya watoto utashangaa. Simba hamna kule, na ndo uzuri wake, mnaweza kutembea kwa miguu na askari mwenye silaha, mnaona twiga, mbega wenye mikia kama shuka jeupe, na flamingo kwenye maziwa ya Momella. Huyo mwenzenu aliyesema watoto wa Arusha hawajaona hata swala yuko sahihi na inauma, magari ya watalii yanawapita na vumbi kila siku, lakini dawa ya hilo ni kupanda gari kwenda alipo swala.

SWALI: Bibi shikamoo, niko Moshi, Majengo. Mama mdogo anafanya kazi Ohio kwenye nyumba ya kulelea wazee, kanitumia video, kaja dada mmoja na maboksi, ana kalunguyeye, kobe, kasuku na nyoka mdogo, anapita kwa wazee mmojammoja, wazee wanafurahi mpaka wengine wanalia. Nikaona hii ni bonge la biashara na huku hakuna anayefanya kitaalamu. Nina mtaji wa milioni tatu na kirikuu ya kaka. Nianzie wapi? (Kijana wa Majengo)

JIBU: Marahaba. Wazo lako siyo baya, ila umeona dakika mbili za video, ngoja nikwambie ambayo haikuonyesha.

Kule hizo zuu za kutembea, yaani maonyesho ya wanyama yanayowafuata watu walipo, zinaenda maktaba, makanisani, kwa maskauti, kwenye sherehe za watoto na kwa wazee kama hao. Anayeifanya vizuri anakuja na wanyama wachache, wanne, watano, sita, wengi wamezaliwa kwenye ufugaji au ni majeruhi ambao hawawezi kurudi porini, tuseme bundi aliyevunjika bawa. Kila mmoja anatoka kwenye boksi lake kwa dakika chache anarudi, wakati huo mwenzie anapumzika. Kugusa ni vidole viwili mgongoni tena mnyama akiwa mikononi mwa mwenyewe, hamna kumpitisha mtu hadi mtu. Nyumbani ana wanyama mara mbili ya aliokuja nao ili wapeane zamu, aliyetoka leo kesho hatoki. Wengine wamefundishwa kuingia kwenye boksi wenyewe kwa chakula, na siku mnyama asipoingia hapandi gari, anaachwa. Hiyo ya mwisho ndo ningependa uiandike ukutani.

Sheria wanazo ila zina matundu. Marekani wana sheria ya ustawi wa wanyama ya 1966, anayeonyesha wanyama kwa hela anatakiwa leseni ya wizara yao ya kilimo na wakaguzi wanamtembelea, lakini sheria hiyo haihesabu wenye damu baridi, nyoka na kobe hawamo, kwa hiyo mtu wa nyoka watupu serikali kuu haimkagui kwa sheria hiyo. Watoto wa simba na chui waliokuwa wanapakatwa na watu kwa picha, bunge lao lilikuja kuzuia Desemba 2022 tu. Uingereza wao toka 2018 anayefuga wanyama kwa ajili ya kuwaonyesha lazima awe na leseni. Kwa hiyo hata huko usidhani kila mwenye boksi ni mtaalamu, wapo wababaishaji kama wa kwetu, tofauti ni kwamba wao video zao zina mwanga mzuri.

Afu ukiangalia vizuri hao wanyama wa mama mdogo wengi ni ndugu zetu. Kalunguyeye wanaofugwa kule asili yao ni Afrika, yule nyoka mdogo anayejiviringa kama mpira kama ndo huyo ninayemdhania ni chatu wa Afrika Magharibi. Na kuna kobe mmoja bapa kama chapati, anajibana kwenye nyufa za miamba, Tarangire yupo na kwa sehemu kubwa duniani anapatikana Tanzania na Kenya tu, watu wa nje walimpenda wakamchukua mno, mpaka mwaka 2019 nchi za mkataba wa CITES, ule wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikampandisha kwenye orodha ya juu kabisa, biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikafungwa. Huyo alianza kuisha hivihivi, mtu mmoja anaona kakobe kazuri anasema naenda nako mmoja tu.

Na wewe mtu wa Kilimanjaro sihitaji kukukumbusha uwanja wa ndege wa KIA Novemba 2010, twiga wanne walipandishwa ndege na wanyama wengine zaidi ya mia wakapelekwa Qatar, kesi ikaunguruma hapohapo Moshi, na mwaka 2016 serikali ikasimamisha kabisa kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Toka siku hizo ukionekana barabarani na mnyama kwenye boksi huna karatasi, hamna askari atakayekuuliza kama ni mradi wa kufurahisha wazee, na kirikuu ya kaka itashikiliwa kama kielelezo.

Kwa hiyo wanyamapori waache, angalau kwa sasa. Anza na unaowajua. We fikiria, mzee wa Kibosho au wa Machame aliyelala maisha yake yote ukuta mmoja na ng'ombe wa ndani, akaamka alfajiri kumkatia majani kwenye kihamba, sasa watoto wamemleta mjini anakaa kwenye nyumba ya geti, anaangalia tivii kutwa. Huyo unamletea chatu wa nini? Mletee ndama. Ndama mmoja msafi, amekandwa, ana kamba laini, mzee amshike shingo anuse yale majani. Nakwambia ataongea mambo ambayo wajukuu hawajawahi kusikia. Watoto wa shule za mjini nao wapelekee sungura, bata mzinga, mbuzi na mtoto wake, kuku na vifaranga, nimekutana na mtoto wa darasa la tatu anaamini maziwa yanatengenezwa kwenye pakiti, na baba yake ni Mchaga!

Hao hawahitaji TAWA, wanahitaji afisa mifugo wa kata akujue, chanjo ziwe na kumbukumbu, minyoo imetibiwa, na ukivuka wilaya unachukua kibali cha kuhamisha mifugo. Kirikuu uitengenezee turubai, sakafu uweke majani wasiteleze, usichanganye mbuzi na kuku kwenye nafasi moja. Milioni tatu itatosha ila weka akiba ya chakula cha miezi mitatu, kwa sababu sherehe ni Jumamosi na mnyama anakula hadi Jumanne. Sungura mwenyewe usimbebe kwa masikio mbele ya watoto, nimeona watu wazima wanafanya hivyo, sungura anashikwa kifuani na mkono mwingine unabeba makalio. Ukishakaa mwaka mzima na hujaua hata kifaranga ndo upande hapo Mweka, chuo cha wanyamapori kipo juu yako toka 1963, ukawaulize watu waliosomea kama unafaa kwenda hatua nyingine.

SWALI: Bibi Mifugo acha kuwatisha watu. Mi Msukuma niko hapa Ngarenaro, babu zetu wanacheza ngoma na chatu toka enzi na hamna aliyekufa. Hizi habari za vidole viwili ni uzungu.

JIBU: Hahaha, nimekusikia baba. Na una haki ya kujidai, Bayeye ni chama cha wataalamu wa nyoka, wana dawa zao, nyimbo zao na miiko yao, na Banunguli nao wana nungunungu zao, kwa hiyo kuleta mnyama hai mbele ya watu hatukufundishwa na Ohio. Lakini jibu hili, hao babu zako walikuwa wanampa chatu mtoto yeyote wa mtaani ampige selfi? Si mtu alikuwa anaingizwa kwenye chama, anafundishwa, anakaa chini ya mwalimu mpaka akubalike? Nyoka anashikwa na mwenye nyoka, watazamaji wanatazama. Mbona ndo hichohicho ninachosema mimi, wewe umeongeza ngoma tu.

SWALI: Shikamoo bibi. Wiki iliyopita kwenye bethidei ya mtoto wa jirani hapa Njiro kulikuwa na tumbili, akamkwaruza na kumng'ata kidogo mwanangu mkononi. Tulipaka spiriti, kidonda kimekauka, anacheza vizuri. Nisiwe na wasiwasi si ndio? (Baba wa Njiro)

JIBU: Mwanangu acha kusoma jarida, mchukue mtoto mwende hospitali leo, siyo kesho, hata kama kidonda kimefunga. Waambie ni mnyama gani, lini, na sehemu gani ya mwili, wao ndo waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Tumbili si kama mbwa kwa kichaa, kwake ni nadra, lakini ugonjwa ule ukishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona na dalili zinaweza kuchelewa wiki au miezi, ndo maana kidonda kukauka hakuniambii kitu. Kwa wengine wote mnaosoma, ukiumwa au kukwaruzwa osha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kwa saa, siyo kumwagia tu, afu ndo safari ya hospitali. Na huyo tumbili atolewe taarifa kwa afisa wanyamapori hata kama jirani atanuna. Nijulishe mlivyofika.

SWALI: Bibi, mwanangu wa darasa la nne aliokota kobe barabarani tukitoka Makuyuni, tumemweka bafuni wiki mbili sasa, anampenda sana anamwosha kila siku kwa sabuni ya unga. Anakula kabichi kidogo tu. Nimtafutie chakula gani? (Mama wa Kijenge)

JIBU: Mtafutie kwao. Najua nia ni nzuri, ila kobe wa porini kumfuga bila kibali ni kosa lilelile nililomwambia katibu wa Sakina, na bafuni hamna jua, kobe bila jua ganda lake linaharibika. Acheni sabuni kabisa, ni maji ya uvuguvugu tu kwenye beseni yasiyofika puani, akinywa mwacheni anywe. Usiende kumtupa popote unapoona kichaka, ongea na afisa wanyamapori akuelekeze apelekwe wapi, kwa sababu amekaa na watu wiki mbili na anaweza kuwa na ugonjwa wa kuwapelekea wenzie. Boksi liwe na matundu na taulo chini, lisikae kwenye buti la gari. Mtoto aende naye, akabidhi kwa mikono yake mwenyewe, na akimaliza anawe.